Kompyuta ya gemu, video na mashine pepe: Ryzen 9 9950X3D, Core Ultra 7 265K au Xeon ya mtumba?

Ukimweleza muuzaji kwamba unataka kompyuta moja ya kucheza gemu, kuhariri video na kuendesha mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya kompyuta yako), atakuonyesha prosesa ya bei kubwa kuliko zote alizonazo. Hajakosea sana, ila amejibu kabla ya kuuliza. Kinachoamua utoe kiasi gani ni hiki: kazi hizo tatu utazifanya kwa wakati mmoja, au kwa zamu?

Yupo anayehariri video za harusi mchana, jioni anawasha maabara yake ya mitandao ili ajiandae na mtihani wa Cisco, na usiku anacheza gemu. Huyo anazifanya kwa zamu. Yupo mwingine ambaye seva zake pepe nne au tano zinatakiwa ziwe hewani muda wote, zikiwa na mifumo ya wateja, huku yeye anarenda video, na akichoka anataka acheze bila kuzima chochote. Wote wawili wakiandika orodha ya mahitaji, zitafanana neno kwa neno, lakini mashine inayomfaa mmoja itamtia mwenzake hasara.

Kwa hiyo nimeweka mezani mashine tatu ambazo mtu wa Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa anaweza kweli kujikuta akizipigia hesabu. Ya kwanza ni ya kuunganisha mwenyewe, yenye Ryzen 9 9950X3D ya AMD. Ya pili pia ni ya kuunganisha, yenye Core Ultra 7 265K ya Intel. Ya tatu ni HP Z440 ya mtumba, zile kompyuta za ofisini zenye prosesa za Xeon ambazo makampuni ya Ulaya na Marekani yamezichoka, nasi tunazikuta madukani zikiwa zimepanguswa vumbi.

| | Ryzen 9 9950X3D | Core Ultra 7 265K | HP Z440, Xeon E5-2680 v4 |
|---|---|---|---|
| Mwaka wa prosesa | 2025 | 2024 | 2016 |
| Viini (cores) na nyuzi (threads) | 16 / 32 | 20 (vikubwa 8, vidogo 12) / 20 | 14 / 28 |
| Kache ya L3 | MB 128 | MB 30 | MB 35 |
| Aina ya RAM | DDR5 | DDR5 | DDR4 ya ECC (hujisahihisha makosa) |
| Nafasi za RAM | 4 kwenye mazabodi nyingi | 4 kwenye mazabodi nyingi | 8 |
| Njia za PCIe (za kadi na diski) za kutumika kutoka prosesa | 24 za 5.0 | 20 za 5.0, 4 za 4.0 | 40 za 3.0 |
| Grafiki ya ndani | ipo, ndogo | ipo, yenye Quick Sync | hakuna |
| Bei ya uzinduzi Marekani | dola 699 | dola 394 | huuzwa mashine nzima, mtumba |

Bei hizo za dola zichukue kama kipimo cha kulinganisha tu. Ukiongeza usafiri, faida ya muuzaji na VAT (asilimia 18 Tanzania bara, 16 Kenya) namba hubadilika, na 265K yenyewe ilishuka sana chini ya bei yake ya mwanzo ndani ya mwaka 2025.

Gemu

Hapa mshindi anajulikana, sitakuzungusha. Herufi hizo X3D zinamaanisha AMD wamebandika kwenye prosesa tabaka la ziada la kache, yaani kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Gemu huomba data ndogondogo mara nyingi mno kwa sekunde, na kila ombi linalojibiwa na kache ni safari moja ya kwenda kwenye RAM iliyoepukwa. Ndiyo maana prosesa za X3D zinaongoza kwenye majaribio ya gemu hata pale ambapo kasi yake ya GHz haitishi.

Kuna jambo ambalo matangazo hayalisemi kwa sauti. 9950X3D ina vipande viwili vya viini vinane vinane, na kache ya ziada iko kwenye kipande kimoja tu. Gemu likiangukia kipande kisicho nayo, unakuwa umenunua prosesa ya kawaida kwa bei ya kifahari. Windows hutegemea draiva ya chipseti ya AMD pamoja na Game Bar kulielekeza gemu mahali pake, kwa hiyo wale wenye tabia ya kufuta kila kitu cha Xbox mara tu wanaposakinisha Windows waiache Game Bar ilipo. Na kama gemu ndilo shabaha yako kuu na mengine ni ya pembeni, 9800X3D yenye viini vinane, vyote vikiwa chini ya kache moja, ilizinduliwa kwa dola 479 na haikuachi nyuma kwenye gemu. Dola 220 zinazobaki ziweke kwenye kadi ya grafiki.

265K ilipotoka Oktoba 2024 iliwavunja moyo wachezaji, kwani kwenye magemu mengi ilizidiwa hata na 14900K, ya Intel wenyewe, ya kizazi kilichotangulia. Masasisho ya BIOS na Windows yaliyofuata yalisaidia kiasi. Lakini ukicheza kwa 4K, au hata 1440p yenye mipangilio ya juu, kadi ya grafiki ndiyo inayokuwa kikwazo, na pengo kati ya prosesa hupungua hadi hulioni. Pengo hilo ni la mtu mwenye skrini ya 1080p ya hertz 240 anayeshindana.

Usishawishike kurudi kwenye 13900K au 14900K ya mtumba kwa sababu tu bei ni tamu. Vizazi hivyo viwili vilikuwa na tatizo la volti ambalo Intel walilikiri mwaka 2024, wakatoa marekebisho ya BIOS na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Marekebisho huzuia uharibifu, hayaponyi prosesa iliyokwisha kuharibika, na kwa macho huwezi kuitambua.

Xeon? Inacheza, ila usiitegemee kwa mengi. Kasi yake ya juu kabisa ni GHz 3.3 kwenye viini vichache, na gemu linapenda viini vichache vyenye kasi kuliko viini vingi vizembe. Kwa kadi ya kati utacheza vizuri magemu mengi ya fremu 60. Kizuizi kinachokua mwaka hadi mwaka ni ulinzi: Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, Battlefield 6 nayo inadai Secure Boot, na prosesa hizi hazimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Zipo njia za panya za kusakinisha Windows 11 humo, lakini njia ya panya ni ya mtu anayejua atakwama wapi.

Video

Hapa ndipo watu hununua vibaya zaidi, kwa sababu wanahesabu viini.

Programu kama DaVinci Resolve na Premiere Pro zinapocheza faili la kamera, kazi nzito ya kwanza ni kusimbua, yaani kuifungua video iliyobanwa. Kamera za siku hizi, za Sony kama A7 IV au za Canon za familia ya R, zinaweza kurekodi rangi ya 4:2:2 ya biti 10 (yenye taarifa nyingi za rangi kuliko 4:2:0 ya kawaida) kwenye H.265, ambayo ni njia ya kubana video. Ni picha nzuri, inayovumilia kusahihishwa rangi, lakini visimbuzi vya kwenye kadi nyingi za grafiki vilikuwa havijui kuisoma. Matokeo yake, prosesa inaachiwa mzigo wote, video inakwamakwama kwenye mstari wa kuhariri, na mwenye mashine ya viini 16 anashangaa kwa nini laptopu ya jirani inateleza.

Laptopu ya jirani ina Quick Sync. Grafiki ya ndani ya Intel imekuwa ikisimbua H.265 ya 4:2:2 ya biti 10 tangu kizazi cha 11. Kwa miaka kadhaa hiyo ndiyo ilikuwa sababu moja nzito ya mhariri wa video kukaa na Intel, hata AMD walipokuwa wakiongoza kwenye viini.

Mwanzoni mwa 2025 mambo yaligeuka. NVIDIA walipotoa kadi za familia ya RTX 50 waliweka kisimbuzi kinachosoma 4:2:2, ya H.264 na ya H.265. Kwa hiyo ukichukua 9950X3D na RTX 5070 Ti, ile faida ya Intel inayeyuka. Ukichukua 9950X3D hiyohiyo na RTX 3060 uliyonayo tayari, faida ya Intel inabaki palepale. Ukilinganisha prosesa bila kutaja kadi ya grafiki iliyo pembeni yake, kwenye kuhariri video ulinganisho huo ni nusu.

Kabla hujatoa pesa, chukua faili lako mwenyewe kutoka kwenye kamera yako na uangalie ni la aina gani. Kama unapiga kwa simu, au kamera yako inarekodi 4:2:0, kelele hizi zote za 4:2:2 hazikuhusu, na mashine yoyote kati ya hizo mbili mpya itakutosha.

Kwenye kadi yenyewe, jambo ninalolisisitiza ni kumbukumbu yake. Resolve hufanya karibu kila kitu ndani ya kadi: rangi, kupunguza chenga, madoido ya Fusion. Kumbukumbu ikijaa, inakuletea ujumbe kwamba GPU imejaa na kazi inasimama. RTX 5060 Ti ilitoka kwa sura mbili, ya GB 8 kwa dola 379 na ya GB 16 kwa dola 429. Kwa dola 50 za tofauti, anayehariri 4K na kununua ya GB 8 amejifunga mikono. Juu yake iko 5070 Ti ya GB 16 iliyozinduliwa kwa dola 749. RX 9070 XT ya AMD nayo ina GB 16 na ilizinduliwa kwa dola 599. Kwenye gemu ni kadi nzuri mno kwa bei yake, lakini kama Resolve au Premiere ndiyo inayokulisha, ningebaki NVIDIA kwa sababu ya CUDA (mfumo wa NVIDIA wa kuipa kadi kazi za hesabu) na kile kisimbuzi cha 4:2:2.

Xeon kwenye video haina grafiki ya ndani wala Quick Sync. Inategemea kadi utakayoichomeka, na kadi ya RTX 50 humo itasimbua vilevile kama kwenye mashine mpya. Kurenda kwa kadi kutaenda vizuri kuliko unavyodhani. Utakapoumia ni kwenye mambo yanayotegemea kiini kimoja: kufungua mradi mkubwa, madoido ya After Effects, kuvutavuta klipu.

Jambo la kuangalia kwa wenye mpango wa kuhamia Linux ili waendeshe mashine pepe vizuri: Resolve ya bure kwenye Linux haisomi H.264 wala H.265. Itakubidi ununue toleo la Studio, ambalo ni dola 295, au ubadilishe kila faili kabla ya kuhariri. Watu wengi hugundua hili baada ya kufuta Windows.

Mashine pepe

Kwa mashine pepe viini vinafuata, RAM inatangulia. Mashine pepe iliyolala haili prosesa kwa kiasi cha kutisha, lakini RAM yake imeishika. Piga hesabu ya maabara ya kawaida: Windows Server mbili za GB 4 kila moja, Windows ya mteja GB 4, Kali (Linux ya majaribio ya usalama) GB 4, ruta na swichi chache za EVE-NG (programu ya kuigiza mitandao) ambazo kwa pamoja zinafika GB 8 au 12. Umeshafika GB 24 hadi 28, na bado hujafungua Resolve. Kwa hiyo GB 32 ni ya kubanana, GB 64 ni mahali pa kuanzia kwa mtu wa zamu, na GB 96 ni ya mtu wa vyote kwa pamoja.

Kwenye AM5 na LGA1851, soketi za Ryzen na Core Ultra hizi, nunua vijiti viwili, acha nafasi mbili wazi. Si kwa ajili ya kuongeza baadaye, kama tulivyozoea zamani. DDR5 ikijazwa nafasi zote nne hupungua kasi sana: Ryzen 9000 inaruhusiwa rasmi kasi ya 5600 kwa vijiti viwili, na hushuka hadi 3600 kwa vijiti vinne vyenye pande mbili za chipu. Vijiti viwili vya GB 48 vinakupa 96 bila maumivu hayo. Tatizo ni bei. Tangu mwishoni mwa 2025 RAM imepanda kwa kasi kwa sababu viwanda vinaelekeza chipu kwenye seva za akili bandia, na Desemba mwaka huo Micron walitangaza kuacha biashara ya Crucial kwa wanunuzi wa kawaida. Leo hesabu ya RAM inaweza kuikaribia ya prosesa, kwa hiyo uliza bei yake kwanza, kisha uchague prosesa kwa kilichobaki.

Hapo ndipo Z440 inapoinua kichwa. Ina nafasi nane, inapokea DDR4 ya ECC ya seva, na vijiti vya namna hiyo vya mtumba vipo kwa sababu vituo vya data vinavitoa kwa wingi. Vijiti nane vya GB 16 ni GB 128. Viini 14 vya Xeon ni vya polepole, lakini vinafanana vyote, na mashine pepe inapenda viini vinavyofanana.

Kwa Core Ultra ya Intel, kufanana huko hakupo. 265K ina viini vikubwa vinane na vidogo 12, na Windows ndiyo inayoamua nani akae wapi. Dirisha la VMware likiwa nyuma ya madirisha mengine, mfumo unaweza kulihesabu kuwa kazi isiyo ya haraka na kuisukumia viini vidogo, ukashangaa mashine pepe imekuwa nzito ghafla. Kwenye Proxmox, mfumo maalumu wa kuendesha mashine pepe, unaweza kuifunga mashine pepe kwenye viini unavyotaka wewe, na tatizo linaisha. Viini vidogo vya kizazi hiki vina nguvu ya kutosha kubeba seva ndogondogo. Kinachotakiwa ni wewe kuvipangia kazi.

9950X3D inaruhusu mpango ninaouona mzuri kuliko yote kwa mtu wa vyote kwa pamoja: kipande chenye kache kipewe gemu, kile kingine cha viini vinane kibebe mashine pepe na kurenda. Hakuna kati ya mbili nyingine inayogawanyika vizuri hivyo.

Halafu kuna ile ndoto ya vijana wengi: Linux iwe mwenyeji (mfumo mkuu wa kompyuta), Windows iwe mashine pepe iliyokabidhiwa kadi ya grafiki moja kwa moja, ucheze humo humo. Kiufundi inawezekana. NVIDIA waliacha kuizuia kwenye GeForce tangu 2021, na Ryzen na 265K zote zina grafiki ya ndani ya kumwachia mwenyeji. Tatizo si kadi. Vanguard ya Valorant haikubali kukimbia ndani ya mashine pepe, na kinga nyingine kadhaa za udanganyifu hufanya hivyo hivyo. EA Sports FC nayo haiendi kwenye Linux kwa sababu ya kinga yake, kwa hiyo hata kurudi upande wa mwenyeji hakukusaidii. Kama unacheza magemu ya mtu mmoja, endelea na ndoto. Kama jioni zako ni za kushindana na wenzako mtandaoni, acha Windows iwe mwenyeji na mashine pepe zikae juu yake.

Kwa hilo la pili hugharamiki programu: VMware Workstation Pro imekuwa ya bure kwa wote tangu Novemba 2024, VirtualBox ipo, na Hyper-V imo kwenye Windows Pro (si Home, angalia leseni uliyouziwa).

Umeme, joto na pawasaplai

9950X3D huvuta hadi wati 200 hivi ikifanya kazi kamili, 265K imeruhusiwa hadi 250, RTX 5070 Ti ni 300. Chukua pawasaplai ya wati 850 ya Gold, ya kizazi cha ATX 3.1, na usinunue ile inayokuja ndani ya kasha. AMD ina Eco Mode kwenye BIOS inayopunguza umeme unaovutwa na prosesa huku ukipoteza kasi kidogo tu. Kwa chumba cha Tanga au Mombasa mwezi wa Februari, bila kiyoyozi, ningeiwasha siku ya kwanza.

UPS ndogo za 650VA zilizojaa madukani hutoa chini ya wati 400. Kwa mashine hizi mbili mpya umeme ukikatika katikati ya kurenda, UPS hiyo itazima nao. Tafuta ya 1500VA, na kama mfuko unaruhusu iwe ya mawimbi kamili ya sine, kwa kuwa pawasaplai nyingi za kisasa haziyapendi mawimbi ya mraba ya zile za bei rahisi.

Upozaji: feni kubwa ya hewa, kama Peerless Assassin ya Thermalright au Noctua NH-D15, inatosha zote mbili. Mfumo wa maji ukiharibika pampu, spea utaisubiri. Feni ikifa unanunua nyingine kesho. Chagua kasha lenye vichujio vya vumbi vinavyochomoka, na wa pwani wasafishe mara kwa mara, maana vumbi likichanganyika na unyevu wa chumvi hugandamana kwenye mapezi ya kipozeo.

Xeon ina deni lake hapa. Tuseme Z440 inavuta wati 80 ikiwa imetulia na imewashwa muda wote: hizo ni uniti 57.6 kwa mwezi. Mteja wa TANESCO wa daraja la D1, ambalo ukomo wake ni uniti 75, atajikuta ametolewa kwenye bei nafuu na kompyuta moja. Bei ndogo ya kununua hulipwa taratibu kupitia LUKU. Isitoshe, pawasaplai yake ni ya HP wenyewe, ya wati 525 au 700, na plagi zake si za ATX ya kawaida. Ikiungua hutachomoa ya mashine nyingine ukaweka.

Nani achukue ipi

Mtu wa zamu ambaye video ndiyo inayomlisha: 265K, vijiti viwili vya GB 32, RTX 5060 Ti ya GB 16. Quick Sync anayo hata siku kadi ikimfia, na tofauti ya bei ya prosesa inahamia kwenye RAM, ambako inaonekana. Anachokosa ni fremu chache kwenye skrini ya kasi, na njia ya kupandisha prosesa baadaye: Intel hubadili soketi mara kwa mara, wakati AMD wameahidi kuitunza AM5 hadi 2027 na zaidi. Ahadi hiyo naiamini, kwa kuwa AM4 ya 2017 ilikuja kupokea 5800X3D mwaka 2022 na 5700X3D mwaka 2024.

Mtu wa zamu ambaye gemu ndilo linalotangulia: 9800X3D, GB 64, na kadi ya RTX 50 ili 4:2:2 isimsumbue. Sioni sababu ya yeye kulipia 9950X3D.

Mtu wa vyote kwa pamoja: 9950X3D, GB 96, RTX 5070 Ti, na diski mbili za NVMe angalau, moja ya mfumo na video, nyingine ya mashine pepe peke yake. Mashine pepe tano zikiandika kwenye diski ileile unayosomea klipu za 4K, zote zinachechemea. Epuka SSD za QLC (za bei ya chini, ambazo huchakaa mapema kwa kuandikwa) kwa diski ya mashine pepe. 990 Pro ya Samsung ya TB 2 imedhaminiwa hadi data ya TB 1200 iandikwe juu yake, ukilinganisha utaona zile za bei ya chini zinaahidi kiasi gani.

Na kuna chaguo la nne, ambalo mimi ningelichukua kama seva zinatakiwa ziwe hewani muda wote: 9800X3D au 265K mezani, na Z440 chumba kingine ikiwa na Proxmox na GB 64 au 128. Ukiizima ya mezani kwa kusasisha draiva, mifumo ya wateja haijui. Gemu likigoma na kulazimisha uanze upya, hakuna seva iliyoanguka. Gharama zake ni zile uniti za LUKU na kelele kidogo. Wanafunzi wanaosoma mitandao na hawana mpango wa video wala gemu zito waichukue Z440 peke yake, wala wasione haya.

Ukifika kuinunua hiyo Z440, ifunguliwe mbele yako. Hesabu vijiti vya RAM na usome kwenye BIOS kwamba vyote vinaonekana, angalia prosesa ni ipi hasa (E5-1603 v3 ya viini vinne huuzwa kwa jina lilelile la "Xeon"), na kagua kama pawasaplai ni ya 525 au 700. Kwa mashine mpya, ingia BIOS uwashe SVM kwa AMD au VT-x na VT-d kwa Intel, ambazo ndizo zinazoruhusu mashine pepe, kwani mara nyingi SVM huja imezimwa na ndiyo chanzo cha maswali mengi ya "VirtualBox imekataa". Washa EXPO au XMP ili RAM iende kasi uliyoilipia, kisha iachie MemTest86 (programu ya kupima RAM) izunguke usiku kucha kabla hujasakinisha chochote, risiti ikiwa bado ina tarehe ya jana.